Nani Anaiambia Tezi Dume Ikue?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Kigoma, kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, ukumbi wa shule kule Mwanga. Waliokuwa safari Uvinza na Kasulu, na vijana wetu walioko Dar, wameomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, pamoja na mahali mliponikatiza kwa vicheko.

*

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, shemeji zangu, shikamooni. Waislamu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Na nyie wadogo zangu mliojazana madirishani, mambo?

Najua mnanong'ona nini. Binti wa mvuvi wa Kibirizi, aliyekuwa akianika dagaa mchangani hadi juzijuzi, leo kasimama mbele ya baba zake anataka kuzungumza mambo ya chini ya kitovu. Haya, aibu nimeshaiona mimi kwa niaba yenu wote. Imekwisha. Tuendelee.

Swali la kwanza. Nani kati ya baba zangu huamka usiku zaidi ya mara mbili kwenda kukojoa? Mkono juu.

Hakuna? Hata mmoja?

Basi niwaulize mama zangu. (Hapo ukumbi ulicheka, na mikono ya kina mama ikapanda kama darasa la kwanza.)

Baba yangu alikuwa na ndoo mvunguni. Alisema ni baridi la ziwa limemwingia mwilini, miaka yote ile ya kulala majini. Zahanati moja ikampa vidonge vya U.T.I. Akamaliza, akapewa vingine. Akamaliza, akapewa tena. Mwaka mzima. Na mimi mwanawe nilikuwa chuoni nasomea seli. Seli gani? Za tezi dume. Nasema kweli, wazee wangu. Nilikuwa nazitazama kwenye darubini kila siku, na kila Ijumaa nampigia baba simu, tunaulizana habari za mvua na bei ya dagaa. Sikuwahi kumuuliza anakojoaje. Ningemuulizaje? Naye angenijibuje? Nitarudi kwake baadaye.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuvaa mrija wa mkojo kama pete ilivyovaa kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya yale maji yanayobeba mbegu za uzazi. Mtoto wa kiume huzaliwa nayo ikiwa ndogo mno. Akibalehe inakua upesi hadi gramu 20 hivi, tuseme ndimu ndogo, halafu inatulia. Inatulia miaka mingi. Mtu anapoikaribia miaka 50 inaanza tena kukua, taratibu, bila kuaga. Madaktari waliochunguza maiti walikuta hivi: kwa wanaume waliofika miaka 60, karibu nusu tezi zao zilikuwa na huo uvimbe, na kwa waliovuka 80 ni karibu wote.

Sasa nisaidieni kufumbua fumbo. Wengi mmesikia kwamba kinachoikuza ni homoni ya kiume, testosteroni. Sawa. Lakini kijana wa miaka 25 ana homoni tele, mbona tezi yake imetulia? Na mzee wa miaka 60 homoni zake zimeanza kupungua, mbona ya kwake ndiyo inakua? Tajiri ana pesa nyingi, nyumba haijengwi. Pesa zinapungua, nyumba inapanda ghorofa. Inaingia akilini hiyo?

Msiseme homoni haihusiki. Inahusika sana. Mfugaji yeyote hapa anamjua maksai, anajua kitu kimoja kikiondolewa mnyama mzima hubadilika. Mwaka 1941 kule Chicago, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges waliwaondoa korodani wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, na wengi wao maumivu ya mifupa yakatulia. Mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo homoni ni mkubwa, hilo halina ubishi.

Ila homoni ni tajiri wa mtumbwi. Wana wa Kibirizi na Katonga mnanielewa. Tajiri wa mtumbwi yuko wapi usiku wa manane? Amelala kwake! Nani anavuta wavu? Wavuvi. Na wavuvi wanamsikiliza nani? Nahodha. Tajiri kasema na nahodha jioni, basi. Huko majini kuna sauti, kuna tochi, kuna miluzi: shusha, vuta, simama. Ile miluzi ndiyo niliyokuja kuizungumza leo. Kwa Kiswahili tuiite vichochezi vya ukuaji. Ni protini ndogondogo ambazo seli moja huzitoa ili seli ya jirani izipokee, na jirani akizipokea hugawanyika, au huacha kugawanyika, au hufa.

Mnajua aliyevigundua alikuwa mwanamke? Rita Levi-Montalcini, Mwitalia wa mji wa Turin, mzaliwa wa 1909. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipiga marufuku Wayahudi kufanya kazi vyuoni, naye alikuwa Myahudi. Akafanyaje? Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Hakuwa na vifaa vya maana, alikuwa na mayai ya kuku. Anatoboa yai, anachunguza kifaranga ambacho hakijawa kifaranga, anatazama mishipa yake ya fahamu inavyoota. Mji ulipopigwa mabomu wakahamia shambani, naye akazunguka kwa wakulima akiomba mayai. Aliwaambia ni ya kuwalisha watoto wake. Hakuwa na mtoto hata mmoja. Wavumbuzi nao ni waongo kidogo, mnisamehe.

Vita ilipokwisha akaenda Marekani, mji wa St. Louis. Huko wakapandikiza kipande cha uvimbe wa panya kwenye kiinitete cha kuku, na mishipa ya fahamu ikaota kama magugu baada ya masika. Jambo la ajabu ni kwamba iliota hata pale ambapo uvimbe haukuigusa. Maana yake nini? Uvimbe ule ulikuwa unatoa kitu, unapiga mluzi kwa mbali. Yeye na mwenzake Stanley Cohen wakakisaka kitu kile hadi wakakikuta kwenye tezi za mate za panya. Cohen akaona jambo jingine tena: akiwadunga vichanga vya panya yale maji ya tezi za mate, wanafumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wao. Hicho kikawa kichochezi cha pili. Mwaka 1986 wote wawili wakapewa Nobel. Bibi Rita aliishi hadi 2012, akafa ana miaka 103.

Turudi kwenye tezi yetu. Ndani yake kuna watu wa aina mbili. Kuna seli zinazotengeneza yale maji, hizo ndizo wavuvi. Na kuna nyama inayozizunguka na kuzishikilia, misuli na nyuzinyuzi, ambayo zamani hata wataalamu waliidharau. Waliiona kama mbao za mtumbwi tu. Mimi nitaiita jirani.

Mtaalamu mmoja wa California, Gerald Cunha, hakuidharau. Kuanzia miaka ya 1970 alifanya majaribio ambayo mpaka leo nikiyasimulia nasisimka. Alichukua ngozi ya ndani ya kibofu cha panya mkubwa. Kibofu, wazee wangu, kitu kingine kabisa. Akaiweka pamoja na nyama-jirani ya tezi dume changa kutoka kwenye kiinitete. Mnadhani ile ngozi ya kibofu ilikuwa nini? Iligeuka tezi dume! Mtoto wa jirani akalelewa nyumba nyingine, akatoka na lafudhi ya nyumba hiyo.

Hakuishia hapo. Kuna panya wanaozaliwa viziwi kwa homoni ya kiume. Homoni wanayo, ila kipokezi chake kimeharibika, hawaisikii. Cunha akachukua seli-wavuvi za panya kiziwi, akazichanganya na jirani anayesikia. Tezi ikaota vizuri. Akageuza: wavuvi wanaosikia, jirani kiziwi. Haikuota kitu. Tafakarini hapo kidogo. Homoni haikuwa na haja ya kuwaambia wavuvi chochote! Ilizungumza na jirani, na jirani ndiye aliyepiga mluzi. Tajiri, nahodha, wavuvi.

Na miluzi yenyewe? Ipo mingi, mimi nitaitaja mitatu tu, na majina yake ni ya kizungu, vumilieni. Kuna jamii ya FGF. Jirani hutoa FGF namba 7 na namba 10, nazo huwaambia wavuvi "kueni". Panya aliyeondolewa ile namba 10 tezi yake inashindwa kuota. Kuna IGF, hii hutengenezwa zaidi kwenye ini na kuzunguka na damu mwili mzima. Na kuna TGF-beta, ambayo kwa seli zenye afya ni breki: inaziambia zisimame, na zilizochoka inaziambia zife. Tezi ya kijana inabaki gramu 20 kwa sababu kila siku zinazozaliwa na zinazokufa zinalingana. Fumbo letu la kwanza limefumbuka. Tajiri anaweza kuwa na pesa zote za Kigoma, nahodha akipiga mluzi wa "simama" hakuna anayevuta.

Na mzee wa miaka 60 je? Mwaka 1978 John McNeal alitoa wazo ambalo bado tunalifuata: kwamba ukubwani, katika ile sehemu ya ndani inayokumbatia mrija, jirani anaamka upya, anaanza kupiga miluzi aliyopiga wakati mtoto yuko tumboni mwa mama. FGF zinaongezeka, breki inalegea, seli nyingi zinachelewa kufa. Vinaota vinundu. Na kwa sababu vimeota palepale penye mrija, mkojo unabanwa. Ndiyo hiyo: unasimama chooni unasubiri, unatoka kidogo, unakatika, unarudi kulala, dakika kumi unaitwa tena. Huu ni uvimbe wa kawaida wa uzee. Saratani siyo. Narudia kwa sababu kila nikisema watu wanasikia kinyume: uvimbe huu siyo saratani, na haugeuki kuwa saratani. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kama mtu anavyoweza kuwa na malaria na jino bovu.

Dawa yake ilitokea mahali msipopafikiria. Katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, kulikuwa na watoto waliozaliwa wakaonekana wasichana, wakavalishwa magauni, na walipobalehe wakawa wavulana. Daktari Julianne Imperato-McGinley akaenda kuwachunguza, akaandika habari zao mwaka 1974. Testosteroni walikuwa nayo. Walichokosa ni kimeng'enya kinachoigeuza kuwa homoni kali zaidi, ile ambayo tezi dume ndiyo huitaka. Na watu hao, hata utu uzimani, tezi zao zilibaki ndogo. Wenye viwanda wakaelewa haraka! Mwaka 1992 ikaruhusiwa Marekani dawa ya finasteraidi, inayokizuia kimeng'enya hicho. Inapunguza tezi, lakini kwa miezi, siyo kwa wiki. Na hao wanaopita stendi na spika, "tezi dume inayeyuka siku saba bila upasuaji", waulizeni wanayeyusha nini. Pesa zenu?

Sasa saratani. Hapa nitapunguza mzaha.

Maabara nilikosomea tulikuwa na seli zinazoitwa PC-3. Zilitolewa kwenye mfupa wa mwanamume wa miaka 62 ambaye saratani ya tezi dume ilikuwa imemfika mifupani, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1979. Seli zake bado zinaishi kwenye maabara dunia nzima. Mimi nimezilisha, nimezibadilishia maji, nimezihamisha chombo hadi chombo. Na jambo lililonishangaza siku ya kwanza ni hili: hazina haja ya homoni. Unaziondolea homoni, zinakua. Hakuna jirani pale, ni plastiki tupu, na zinakua. Nani anazipigia mluzi?

Zinajipigia zenyewe.

Hiyo ndiyo saratani, wazee wangu. Siyo uchawi, siyo laana, siyo malipo ya ujana. Ni mvuvi aliyeacha kumsikiliza nahodha. Kwanza anaanza kutengeneza vichochezi vyake mwenyewe, apige mluzi na auitikie mwenyewe. Halafu anabadilisha masikio: seli yenye afya ina kipokezi cha kusikia FGF za jirani, seli ya saratani inakiacha na kuweka kingine kinachosikia zile anazojitolea. Halafu anaziba sikio kwa breki. TGF-beta inapiga kelele "simama", hasikii. Na akishaacha kuisikia anaanza kuitoa yeye kwa wingi, maana kwake haina madhara tena, ila inawalegeza askari wa kinga ya mwili waliokuja kumkamata. Mwizi anayeimba wimbo wa polisi.

Halafu anatafuta udongo. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alisema saratani husambaa kama mbegu, na mbegu haioti kila inapoanguka, huota palipo na udongo wake. Udongo wa saratani ya tezi dume ni mfupa. Kwa nini? Kwa sababu mfupa ni ghala la vichochezi. IGF imo, TGF-beta imo, imehifadhiwa humo. Saratani ikifika huufungua mfupa, vichochezi vinamwagika, nayo inazidi kukua, inafungua zaidi.

Baba yangu alianza kuumwa mgongo. Alisema ni kuvuta mitumbwi. Mvuvi gani haumwi mgongo?

Tulipompeleka Mwanza, Bugando, damu yake ikapimwa PSA. Hiyo ni protini ya tezi dume inayovuja kwenye damu. Ilikuwa juu sana. Wakakata kinyama kidogo, wakakipima, na mgongo wake ukapigwa picha. Mimi ndiye niliyelisoma jibu kwanza, kwa sababu ndiye niliyejua kulisoma.

Akapewa tiba ya kuondoa homoni. Mnakumbuka ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mitumbwi yote juu mchangani? Ndivyo tiba hiyo inavyofanya kazi. Unalifunga ziwa. Baba alitulia, akanenepa, mgongo ukaacha kuuma, akarudi kubishana na watu mwaloni. Lakini ziwa lilipofungwa, wote walitii? Sitaji mtu. Kuna waliotoka usiku bila taa. Saratani nayo ndivyo ifanyavyo, baada ya miezi, kwa wengine baada ya miaka. Nyingine inaongeza vipokezi ili isikie hata tone la homoni lililobaki. Nyingine inajitengenezea homoni. Na mwaka 1994 watafiti wa Innsbruck, Austria, walionyesha kwamba IGF peke yake inaweza kukiwasha kipokezi cha homoni, homoni yenyewe haipo. Ufunguo bandia kwenye kitasa cha tajiri.

Kijana mmoja ataniuliza: si mzibe hiyo miluzi, basi? Tulijaribu. Mwaka 1998 uchunguzi kwa madaktari wanaume wa Marekani ulikuta kwamba wenye IGF nyingi kwenye damu walipata zaidi saratani hii, tukadhani mlango umepatikana. Zikatengenezwa dawa za kufunga kipokezi cha IGF. Zikatengenezwa za kuzuia kichochezi kinachouitia uvimbe mishipa ya damu. Kwa tezi dume hazikurefusha maisha kama tulivyotumaini. Ukimziba mmoja, mwingine anapiga mluzi. Zilizosaidia zaidi hadi leo ni dawa mpya zinazomrudia tajiri yuleyule, zinazofunga homoni kwa ukali zaidi, na bei yake si ya dagaa. Na tafadhali, mtu asitoke hapa akaacha maziwa kwa kuwa nimetaja IGF. Sijasema hivyo.

Lililo mikononi mwetu ni muda. Saratani hii huanza zaidi upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo mwanzoni hailetei mkojo shida yoyote. Haiumi. Ukiisubiri ikuume, inakuuma mgongoni. Na sisi Waafrika inatupata zaidi. Hapa Tanzania ndiyo iliyo mbele kati ya saratani za wanaume. Ukifika miaka 45, kaongee na daktari kuhusu kupima. Kama baba yako au kaka yako aliugua, hata 40. PSA ikiwa juu usikimbilie kuandika wosia, maana uvimbe wa kawaida nao huipandisha, hata maambukizi huipandisha. Na kile kidole cha daktari mnachokiogopa, cha kuipapasa tezi kwa njia ya haja kubwa, wazee wangu, ni kidole kimoja, dakika haifiki. Mama zenu walilala leba saa kumi na nane kwa ajili yenu.

Baba alituacha mwaka jana, mwezi wa pili. Wengi wenu mlibeba jeneza, na kikundi hiki ndicho kilichonunua sanda na unga. Ndiyo maana mwenyekiti aliponiuliza nitawalipa nini, nikamwambia nitakuja kuwaambia nilichokijua mimi, ambacho baba sikumwambia.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakuwa nje ya geti la hospitali ya mkoa. Shemeji yangu ana bajaji, ataanzia Ujiji, atapita Mwanga, haombi nauli. Sitaandika jina la mtu.

Sasa maswali. Naona mkono pale nyuma, karibu na mlango. Wewe baba, uliyecheka zaidi ya wote nilipotaja ndoo. Mpisheni apite, mama. Mpeni kipaza sauti. Au kama hutaki kipaza sauti, baba, njoo tu hapa mbele, uninong'oneze.